Mbegu ya Mama Mkwe kwenye Mtungi wa Siki

Bongim alianza kukasirika mwaka ule ule alioolewa kijijini Uiseong, Korea, na mtu asimlaumu, maana ukoo wa mumewe ungelikasirisha hata jiwe. Alimkuta mama mkwe asiyejua kusifu. Wali ukiiva, una maji. Nguo zikitakata, sabuni imeisha. Miaka yote waliyoishi pamoja, kitu kimoja tu ndicho mama yule alichompa kwa mikono miwili, nacho ni vitunguu saumu vya bustani ya nyuma ya jiko. Vilikuwa na ganda la zambarau na punje sita nene, na ukali wa kumliza mpishi mzoefu.

"Hivi mbegu yake haiuzwi dukani," alimwambia. "Mbegu ni vyenyewe. Mkivila vyote, vimekwisha."

Siku ya kukata roho hakumwulizia mwanawe wala wajukuu. Aliulizia kama vitunguu vya mbegu vimewekwa pakavu. "Usiniulie mbegu, we mwanamke," akasema, na hiyo ndiyo ikawa kwaheri yake. Bongim alilia kwa uchungu na kwa hasira pamoja, kwa sababu hata pale hakuambiwa ahsante.

Basi akalima. Vuli ikiingia alipanda punje, akazitandikia majani makavu ya mpunga zisiuawe na barafu. Kiangazi kikianza aling'oa, akafunga mafungu, akatundika upenuni. Kazi haikumchosha. Aliyemchosha ni wifi yake, Malsun, dada mkubwa wa mumewe, aliyekuwa akiishi mjini Daegu.

Malsun alikuja kila baada ya mavuno na gari tupu, akarudi na gari lililojaa. Alisimama chini ya upenu, akanyoosha kidole. "Mama Sangmi, nishushie lile fungu. Si hilo, lile la vichwa vikubwa. Hivyo vidogo si mtakula nyie?" Bongim alishusha. Malsun ni mkubwa, na katika nyumba ile mke wa mdogo hamjibu mkubwa. Lakini kila mkulima anajua kwamba vichwa vikubwa ndivyo vya kupanda. Ukipanda vidogo, utavuna vidogo zaidi. Mwaka baada ya mwaka vitunguu vya mama mkwe vikasinyaa, majani yakaingia michirizi ya manjano, na majirani wakaanza kumwambia anunue mbegu nyingine.

"Nunueni nyie," aliwajibu. "Mimi nilipewa."

Ipo dawa, ila inataka subira. Vikonyo vya maua, ambavyo watu wote huving'oa wakavikaanga, Bongim aliviacha vichache vikomae mpaka juu yake pakajaa vijipunje vidogo kama mtama. Vijipunje hivyo havibebi ugonjwa wa kitunguu kilicho chini. Ukivipanda, mwaka wa kwanza kila kimoja hukupa kitunguu kidogo cha mviringo, kisichogawanyika punje. Ukikipanda tena hicho cha mviringo, mwaka unaofuata ndipo unapata kichwa kizima cha punje sita, chenye afya kama cha zamani.

Alivipanda vijipunje vyake vyote. Mwanzo wa kiangazi, yeye na mumewe Deoksam waliviondoa udongoni, na hapo napo hasira zikapanda, kwa sababu Deoksam alikuwa anachimba huku macho yakiwa kwenye kivuli.

"Baba Sangmi, unavuna au unazika? Hicho umekikanyaga!"

"Vyenyewe kama maharage. Vingine vikibaki kuna nini?"

"Ni vya mama yako hivyo!"

"Mama yangu hakuwa mdogo hivi," akasema Deoksam, akacheka peke yake.

Bongim alivitia vitunguu vile vya mviringo kwenye kikapu, akakitundika jikoni, mahali pakavu, vingoje vuli. Hakumwambia mtu. Mara nyingine alikuwa akipita chini ya kikapu anakigusa tu, kisha anaendelea na kazi.

Kiangazi kilipokwisha ikafika siku ya tambiko la mama mkwe, siku aliyofariki. Malsun alikuja tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema anakuja kusaidia. Bongim akaenda sokoni kutafuta samaki na mapeasi ya mezani. Aliporudi, jiko zima lilikuwa linanuka siki na mchuzi wa soya uliochemshwa. Malsun alikuwa anafuta mdomo wa mtungi wa kioo, uso umemng'aa.

"Mama Sangmi, njoo uone! Umeviweka vitunguu vizuri hivi vikauke bure? Mama alikuwa anavitia hivi hivi kwenye siki, unakumbuka? Nimevimenya vyote. Baada ya wiki chache utanishukuru."

Bongim alitazama juu. Kikapu kilikuwa kinaning'inia kitupu. Akatazama mtungini. Vilikuwa vimejaa mle, vyeupe, vimemenywa, vimemwagiwa mchuzi wa moto. Hakuna hata kimoja ambacho kingeota tena.

Alimtengeneza samaki, akapika wali, akamenya mapeasi. Malsun aliendelea kuongea, na hakuona, masikini, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jioni Deoksam alipanga meza ya tambiko mbele ya picha ya mama yake. Kila mtu kule anajua kwamba kwenye meza ile haiwekwi pilipili wala kitunguu saumu, kwa sababu harufu yake hufukuza mizimu. Deoksam alikuwa ndiyo kwanza anawasha ubani, Bongim akatoka jikoni na mtungi, akausukumiza katikati ya samaki na mapeasi, akaufungua kifuniko.

"Mama Sangmi!" Malsun akaruka. "Una wazimu? Unamfukuza mama?"

"Mwache aondoke," Bongim akasema, kwa ghadhabu aliyoimeza tangu alipokuwa mwari. "Ila kwanza aone. Mama, hii ndiyo mbegu yako. Ulinikataza nisiiue. Sikuiua mimi. Vikubwa alivichukua binti yako mwaka hata mwaka, nikanyamaza. Hivi vya mwisho vyenye afya vilikuwa vya kupanda vuli hii, amevipika. Muulize yeye, mimi usinitokee ndotoni!"

Ubani ukaungua bila mtu kuinama. Malsun alitazama mtungi, halafu kikapu jikoni, halafu picha. "Mimi nilitamani tu kuonja kile alichokuwa anatengeneza," akasema, na hapo akaketi chini, akalia kama mtu aliyefiwa siku hiyo.

Bongim hakumbembeleza.

Asubuhi alichukua jembe, akaenda bustanini kulipindua lile tuta tupu, kwa kuwa hakuwa tena na mbegu yenye afya ya kupanda humo. Akaliinua jembe, akalishusha taratibu bila kupiga. Kando ya tuta, pale Deoksam alipokuwa akichimba na macho kivulini, majani membamba ya kijani yalikuwa yametokeza, hapa moja, pale matatu. Vilikuwa vile alivyovisahau, na alivyovikanyaga.

Deoksam alitokea nyuma yake, akachungulia, akaanza kutabasamu.

"Usithubutu kusema neno," Bongim akamwambia. "Wewe bado ni mvivu."

Malsun naye alikuja, macho yamevimba, akainama kutaka kushika jani moja.

"Usiguse!" Bongim alimpiga kofi mkononi, yeye mdogo, akampiga mkubwa. "Piga magoti, dada. Leta yale majani ya mpunga. Tandika, usikandamize."

Na Malsun, na viatu vyake vya mjini, akapiga magoti, akatandika mpaka mwisho wa tuta.

Mchana akawa anaondoka. Kwa mazoea alisimama chini ya upenu, akainua macho kwenye fungu la vichwa vikubwa vya mwaka huu. Kidole kikaanza kunyooka.

"Vikubwa ni mbegu," Bongim akasema. Akaingia ndani, akatoka na mtungi wa siki, akamkabidhi. "Fungu lako hili hapa."

Malsun akaupokea kwa mikono miwili.