Kaburi Lililotangulia Msikiti

Watu walimwita Mwenyewe. Ukimuuliza lolote kuhusu ule msikiti mdogo wa kale na kaburi lililo ubavuni mwake, jibu lilianza vilevile: "Hapa mimi ndiye mwenyewe." Alipatunza pale kwa miaka ishirini na sita, baada ya baba yake. Alifagia, alipaka kuta chokaa, na kila mgeni alimpa maelezo aliyoyarithi: kwamba msikiti ulijengwa kwanza, zaidi ya miaka mia sita iliyopita, na aliyeujenga alipofariki akazikwa hapo pembeni, chini ya kuba.

Msikiti ungeuvuka kwa hatua kumi na mbili. Ulikuwa na nguzo nne nene, na mihrabu yenye tao lililochongwa kwa jiwe moja. Kimlango chembamba kilikupeleka kwenye chumba cha kaburi, na juu ya kimlango hicho, kwa upande wa kaburini, palikuwa na mstari wa maandishi ya rangi nyekundu iliyofifia. Wageni hawakuuona mpaka Mwenyewe awaoneshe kwa kidole.

Basi akaja mpimaji, binti wa miaka thelathini hivi, ametumwa na ofisi ya mambo ya kale kuchora jengo zima kabla halijakarabatiwa. Futi kamba haikumtoka mkononi, na mtaa haukukawia kumwita Dada Futi.

Siku ya nne akamwita Mwenyewe.

"Baba, hebu njoo uone kwenye kona hii. Ukuta wa msikiti haujashikana na wa kaburi, umeegemezwa tu. Na lipu ya kaburi inaendelea nyuma ya ukuta wa msikiti. Kaburi lilikuwepo kwanza. Msikiti umekuja baadaye."

Mwenyewe akaingiza ukucha kwenye ule ufa aliokuwa akiuziba kila mwaka. Aliona. Na kuona ndiko kulikomuuma.

"Baba yangu hakusema hivyo."

"Pengine hakuna aliyemwambia."

Ijumaa imamu akamwomba Dada Futi awaeleze watu historia ya msikiti wao, nao wakamsikiliza kimya, walewale ambao Mwenyewe akifungua kinywa walianza kutafuta viatu.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi.

"Yule mtoto ana kichwa!" mke wake akasema akipakua chakula. "Miaka yote hii tunapatazama pale, kumbe hatujui tunachokitazama."

"Hatujui nani?"

"Umenuna, baba watoto?"

"Nimeshiba."

Hakuwa ameshiba wala nini. Kijicho kilikuwa kimemjaa tumboni, naye alikitambua vizuri, ila alikiita kujali ukweli.

Kesho yake Dada Futi akamwambia kwa furaha, "Kesho nanakili ule mstari mwekundu. Nimeambiwa mwishoni kuna mwaka. Tukiusoma tu, baba, tutajua kila kitu."

Tutajua! Mwenyewe alijua atakayesifiwa ni nani.

Asubuhi iliyofuata, kabla binti hajafika, alikoroga chokaa, akapanda ngazi, akapaka juu ya kimlango. Akarudia mara ya pili.

Dada Futi alikuta chokaa bado mbichi. Mwenyewe alikuwa amejiandalia majibu: ni kazi yangu ya kila mwaka, hukuniambia nisipake. Lakini binti hakuuliza. Begi lilimteleza begani, akaketi kizingitini, akajifuta machozi kwa mkono wenye vumbi.

"Miezi minane nimeiomba ofisi initume hapa nije kuusoma," akasema.

Mwenyewe akaweka chini ndoo ya chokaa.

"Nimefanya makusudi," akasema. "Nimekuonea wivu. Nimekaa hapa tangu wewe hujaanza shule, halafu siku nne tu wananisahau."

Dada Futi akafungua daftari.

"Unaukumbuka?"

Mwenyewe akafumba macho, akausoma neno kwa neno: dua, jina la marehemu, jina la fundi. Alipofika kwenye mwaka akakwama. Herufi za mwisho zilikuwa zimebanana ukutani, naye tangu ujana wake alikuwa akiziruka, akiamini ziko tu, hazina pa kwenda.

Walichukua maji na sifongo, wakaosha chokaa wote wawili, taratibu, mpaka adhuhuri. Nyekundu ikatoka pamoja na nyeupe. Kwenye mwaka zikabaki herufi mbili zisizosema kitu.

Ofisi ilimwandikia Mwenyewe barua ya onyo, na kwa miezi mitatu funguo zikakaa kwa mwadhini. Hakufukuzwa, kwa sababu Dada Futi aliandika kwamba mstari umepatikana kwa kumbukumbu za mtunzaji. Mwenyewe alipoisoma taarifa ile hakufurahi. Alitamani binti angemkashifu, angalau wangekuwa sawa.

Wivu haukumwisha. Hata sasa mgeni akimtaja Dada Futi, kitu humchoma kidogo. Lakini huwapeleka wageni kwenye kona, huwaonesha ule ufa ambao siku hizi hauzibi, na kuwaambia kaburi lilitangulia, na kwamba yeye alifundishwa na binti mmoja mpimaji.

"Ni la mwaka gani?" huuliza wageni wakishaingia chumba cha kaburi.

"Ulikuwa umeandikwa pale juu. Niliufuta kwa wivu."

Wengine hucheka, wakidhani ni mzaha. Yeye hacheki nao. Huinama kupita kimlango, akatangulia mbele yao kurudi msikitini, kwenye mihrabu.