Ukuta Nyuma ya Kanisa

Mtaani walimwita Pimamaji, kwa sababu hakuweka tofali bila kulinyoosha kwa pimamaji, hata kama ni la banda la kuku. Mchungaji alipotangaza kwamba kanisa limeshikana mikono na mwekezaji kujenga hospitali kwenye kiwanja cha kanisa, na kwamba ukuta utajengwa na fundi wa humuhumu, waumini walipiga makofi. Pimamaji aliinamisha kichwa kwa furaha. Baba yake alizaliwa kwenye kiwanja hicho. Nyumba yao, kama nyingine kadhaa nyuma ya kanisa, ilisimama kwa neno tu la wachungaji wa zamani, bila hati.

Msingi uliombewa. Mwekezaji, mtu mpole wa sauti ya chini, alifumba macho kwa nguvu kuliko wote.

Ukuta ukapanda. Siku moja mke wa Pimamaji alimletea chai, akasimama akiifuata kwa macho kamba ya ujenzi.

"Baba watoto, mbona hii kamba imepita mbele ya mlango wetu?"

"Itakata kona pale."

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Chai ikapoa mkononi mwake.

Alipiga moyo konde, akaenda ofisini. Mwekezaji alikuwa amekalia kiti cha mchungaji. Mchungaji alikuwa kwenye kile cha wageni.

"Mchungaji, sisi wa nyuma tutakuwa ndani ya ukuta au nje?"

Mchungaji alimtazama mwekezaji kwanza. "Fundi, kazi ya Mungu haitaki maswali mengi. Wewe jenga."

"Tutaongea na kila familia," mwekezaji alisema, akitabasamu. "Maliza tu ukuta."

Jioni Pimamaji aliosha mwiko wake, akaufungia guniani. Kesho yake akiwa kitandani alisikia mwiko mwingine ukigonga tofali. Alitoka, akamkuta shemeji yake juu ya jukwaa, yule yule ambaye Pimamaji mwenyewe alimfundisha ufundi.

"Shemeji, usinifikirie vibaya. Nina watoto."

"Na mimi ninao. Wanalala humu unamozungushia."

Shemeji alichota saruji, akaendelea.

Ukuta ulipokwisha na geti kuwekwa, mlinzi aliletwa kutoka mbali, hakuna aliyemjua. Jumapili Pimamaji alitoka ibadani na mkewe, wakakuta geti limefungwa.

"Mnakwenda kwa nani?" mlinzi aliuliza, kwa adabu kabisa.

"Tunakwenda kwetu."

Mlinzi aliwatazama kidogo. "Subirini hapo nje, mzee," alisema, akitoa simu mfukoni. "Ngoja niulize kama mnaruhusiwa."