Siku Niliyoipaka Cherehani Samli

Jamani, hili nalisema leo kwa sababu wengi walioliona wamezeeka na wengine hawana tena meno ya kunichekea, lakini aibu yake bado iko, ukinitajia samli tu masikio yanawaka moto. Nimelikumbuka wiki iliyopita, mjukuu wangu anayekaa Kashai, Bukoba mjini, kanipigia simu karibu alie, eti kaweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya kazini, wa zamani kaufuta, na huo mpya umegoma, nikamwambia tulia, mimi nimegomewa na kitu kipya kabla mama yako hajazaliwa.

Ilikuwa siku za ujamaa, huku kwetu Muleba, sisi akina mama tuna kikundi cha kushona na cherehani moja kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, na fundi ni mimi (shule nimeishia darasa la pili, lakini mdomo nilikuwa nao wa darasa la kumi na mbili). Basi tukaletewa mpya, ya miguu, inang'aa, ina maua ya dhahabu ubavuni. Bibi Maendeleo, yule mama wa ofisini Bukoba aliyeileta, hakuzunguka: "Narudi wiki ijayo. Nikikuta inashona, sare za watoto wa shule mnashona ninyi. Nikikuta pambo, naipeleka Kanazi, wenzenu wanaililia."

Ndani ya boksi mlikuwa na kichupa cha mafuta. Nikakinusa, kinanuka kama koroboi. Nikasema, mgeni mzuri hivi nimpake hiki? Kwetu bibi harusi alipakwa samli, na ile cherehani ya zamani miaka yote nimeipaka samli haijalalamika. Kichupa nikampa mume wangu, akakimalizia kwenye mnyororo wa baiskeli, na mimi nikamimina samli safi kila tundu nililoliona, tena naimba.

Siku ikafika. Mvua tangu alfajiri, baridi ya kuuma, cherehani iko ofisi ya kijiji kwenye sakafu ya saruji, watu wamejaa hadi madirishani, na mimi nimevaa gauni la Jumapili. Mwenyekiti akasema, "Haya Ma Koku, tuonyeshe." Nikakanyaga. Kimya. Nikakanyaga kwa nguvu zote, mkanda ukachomoka ukanichapa mguu. Nikasema uzi mbovu, nikabadilisha uzi. Nikasema sindano, nikageuza sindano. Nikasema sakafu imepinda (sakafu iliyojengwa mwenyekiti mwenyewe akisimamia!). Mwisho nikasema, "Waitu, jamani, inaona haya, haijazoea wageni."

Bibi Maendeleo akapitisha kidole kwenye gurudumu, kikatoka na kitu cheupe. Akanusa. "Mama, hii ni samli?"

Na sisimizi, kama waliitwa, wakatoka chini ya sindano kwa foleni.

"Ma Koku," mwenyekiti akasema, "si ungetuambia mapema tuje na ndizi zetu!" Watu wakaangua kicheko, na mume wangu ndiye wa kwanza, mtu niliyempa uji asubuhi ile ile.

Bibi Maendeleo hakucheka. Alimwambia dereva wake alete kamba aifunge cherehani. Hapo nikaziona zile sare zote zinaondoka kwenda Kanazi kwa sababu ya mdomo wangu.

Jirani yangu Ma Nyakato akapaza sauti: "Ngoja, waitu. Ile ya zamani inakaa wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Pembeni ya moto! Kule samli inabaki maji. Hii umeilaza kwenye saruji, samli imeganda kama mshumaa."

Hatukungoja ruhusa. Tukaibeba wanne, tukaifunika majani ya migomba, mbio hadi jikoni kwangu, tukaiweka karibu na mafiga. Ikaanza kudondosha, to, to, to. Nikasukuma gurudumu, likakubali kidogo, likakubali tena, nikakanyaga, na moshi machoni na sisimizi mkononi nikashona mstari mrefu kama mkono wangu. Bibi Maendeleo, aliyekuwa ametufuata, akachuchumaa, akauvuta huku, akauvuta kule, haukuachia. Akauliza kichupa cha mafuta kiko wapi, nikamwambia kiliishia kwenye mnyororo wa baiskeli ya mume wangu. Ndipo akacheka hadi akafuta machozi.

"Inabaki," akasema. "Lakini ioshe kwa mafuta ya taa leo leo. Kichupa kingine nitakuletea, na ukimpa mumeo hicho, nitakuja kuchukua baiskeli."

Sare tulizishona zote. Ya kwanza ilitoka na doa la samli kifuani, aliyeivaa alifuatwa na paka hadi shuleni, na mimi mpaka leo sokoni ni Mama Samli. Tangu hapo nimeapa, kitu kipya kikiingia kwangu nauliza kwanza chenyewe kinataka nini, hata kama wa kunijibu ni mtoto.

Jana mjukuu kapiga tena, furaha tupu, kompyuta imewaka, kumbe alikuwa ameurudishia ule mfumo mpya vitu vya mfumo wa zamani, haukuvitaka, alipovitoa ukakubali.

"Hiyo ni samli, mwanangu," nikamwambia.

"Samli gani tena, Bibi?"

Nikavuta mkeka, nikakaa vizuri.