Kijiti cha Wanja Kwenye Mtopetope

Mwanamke aliyekaa eda hatii wanja machoni. Mamangu, baba alipofariki, alikichukua kijiti chake cha wanja, akakisugua kwa sabuni, akashuka nacho uani kwenye mtopetope.

Mti huo aliupanda baba zamani, kisima chetu hapa Mji wa Kale kilipokuwa bado na maji matamu. Siku hizi kisima ni chumvi tupu, na mti unachanua tu, hauzai. Mama alitaka tunda moja la mkono wa mumewe kabla hajatoka eda, kwani ndugu zangu wa mama mwingine walikwisha kukubaliana kuiuza nyumba. Hawakungoja hata hitima ipite. Sijawasamehe.

Kila asubuhi alikusanya chavua kwenye maua yaliyofunguka wazi, akaipaka ndani ya yale yaliyoanza kufunguka, taratibu, kama anayemtia mtoto wanja. Kisha akaumwagilia mti maji ya kisima.

Mimi nafundisha bayolojia. Najua chavua hufika juu ya ua ikiwa kavu, na haioti mpaka inywe. Maji huiingia kupitia vijilango vya protini kwenye ngozi ya seli, vidogo visivyoonekana kwa jicho. Darasani hulieleza jambo hili kwa furaha. Lakini mti unaonyweshwa chumvi huvifunga vijilango vyake tangu mizizini. Ua hukauka, na chavua hufa kwa kiu hapo hapo ilipotua. Nilinunua maji matamu ya mkokoteni, nikamwaga na kumwaga. Udongo wenyewe ulikwisha kuharibika.

Nilipomweleza mama, aliniuliza:

"Kwa hivyo maji hayangii?"

"Hayangii, mama. Ni munyu."

"Na nikiulilia?"

"Matozi nayo yana munyu."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupaka.

Eda ilipoisha, ua la mwisho lilikuwa limeanguka. Wanawake wa mtaani walikuja kumtoa eda, wakamletea wanja mpya na kijiti chake. Mama alikikataa. Alikiosha kile chake cha zamani, akanipa, akaniinulia uso. Nilimtia wanja, nikingoja alie, maana tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia. Hakulia. Wanja ulikaa pale pale nilipoupaka, haukuchirizika, na kesho yake tukahamia ghorofani Makadara.