Sauti za Usiku wa Mwezi

Nyumba yetu hapa Rumonge iko karibu na ziwa kiasi kwamba usiku unalala na mazungumzo ya watu wengine. Wavuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wakishatoka na taa zao, sauti hupita juu ya maji kana kwamba hakuna umbali. Mmoja anaomba kiberiti, mwingine anacheka, mwingine anaimba nusu ya wimbo halafu anasahau iliyobaki. Nimekua na sauti hizo. Nikiwa msichana ndizo zilizonibembeleza hadi usingizini.

Kwa hiyo mama alipofariki, na sauti yake ikaanza kuniita, sikushtuka. Alikuwa ameishi kwangu miaka yake ya mwisho, katika chumba cha uani, na tulimzika kwao Kizuka, kwenye michikichi. Matanga yakaisha, wageni wakatawanyika, nami nikarudi sokoni kuuza mawese. Sikuwa nimelia. Watu walinisifu kwa subira, nikazipokea sifa zao. Lakini usiku, pale macho yanapojifumba na mwili unapoanza kuelea, nilimsikia akiniita kwa jina la utotoni ambalo yeye peke yake alilitumia. Aliita mara moja tu, kutoka upande wa uani, kama mtu anayetaka aletewe maji. Niliitika kimoyomoyo, nikalala. Sikumwambia mume wangu. Nilianza kuingia kitandani mapema ili nisimkose.

Baadaye wakaja wengine. Walikuwa wanaume wawili, wakizungumza polepole, sauti zao zimelowa kama zimetoka chini ya maji. Mwanzoni sikuyapata maneno, nikasema ni wavuvi. Halafu nikaanza kuyapata. Mmoja aliuliza kama nimeshalala. Mwenzake akamjibu kwamba bado, na kwamba ninawasikia. Hata hapo nilijiambia labda ni watu wanaonifahamu, wanapita na mtumbwi wao karibu na ufuo na kunitania.

Mume wangu ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, fundi wa injini za mitumbwi, na anajua kila anayetoka na anayebaki. Usiku mmoja nilimwambia kwamba wavuvi wa leo wana maneno mengi. Alikaa kitandani akasikiliza. Mwanga ulikuwa umeingia dirishani hadi miguuni petu, mweupe kama unga.

"Hakuna mutu kwenye maji leo," akasema. "Iko mwezi mukubwa."

Nilijua hilo tangu utoto. Mwezi ukijaa, ndagala hawaifuati taa, na wavuvi hupumzika. Nikamuuliza basi hao wanaozungumza ni nani. Akasikiliza tena, kwa muda mrefu, akashika mkono wangu.

"Mimi nasikia imbwa tu," akasema.

Tangu hapo wale wawili hawakungoja tena usiku. Walinifuata sokoni. Nikimmiminia mteja mawese, walikuwa nyuma ya shingo yangu wakinicheka. Usingizi ukanikimbia. Mchana wote ulikuwa kama ndoto ya homa, watu wanafungua midomo na maneno yanafika yamechelewa. Mume wangu aliwaambia majirani kwamba nina malaria. Shehe wa mtaani kwetu alikuja kunisomea, na alipokuwa akisoma nilipata utulivu, lakini alipovaa viatu vyake kuondoka, wale wawili walikuwa wamesharudi.

Mdogo wake mama alikuja kutoka Nyanza-Lac. Ni mtu aliyekaa Tanzania miaka mingi kama mkimbizi, na aliwahi kuona mengi kambini. Alinikuta uani, nimekaa mbele ya sufuria ya maharage nisiyoikoroga. Nilimweleza kuhusu mama, maana hilo lilikuwa rahisi kusema. Akatabasamu.

"Hata mimi huniita," akasema. "Na marehemu mume wangu namsikia akikohoa mlangoni, pale ninaposinzia. Nageuka upande wa pili, nalala. Sijawahi kwenda kwa muganga kwa ajili hiyo."

Nikafarijika, nikamtajia na wale wawili. Tabasamu likafifia.

"Na hao, mwanangu, wanakuita tu au wanakuamuru?"

Nilitazama sufuria. "Wanasema niingie ziwani. Wanasema mama yuko huko ananingoja."

Hakupiga kelele. Alifunika sufuria, akaondoa kuni, akamtuma mtu amwite mume wangu ufuoni. Alipofika, akamwambia kwamba hilo si jambo la kungojea kesho, na kwamba kuanzia sasa nisiachwe peke yangu hata kwenda chooni.

Hospitalini muuguzi wa kike alitusalimu kwa neno la amani, amahoro, akafunga mlango. Aliuliza kama nalala, kama nimejifungua karibuni, kama nina homa, kama kuna dawa au pombe ninayotumia. Walipima damu, malaria haikuwepo. Aliuliza kama wale wawili nawasikia hata pale mbele yake, nikasema ndiyo. Akatueleza bila haraka kwamba watu wengi waliofiwa humsikia marehemu wao kwenye ukingo wa usingizi, na hilo peke yake si ugonjwa. Lakini sauti zinazokuja ukiwa macho, zinazokuibia usingizi na kukuamuru ujidhuru, hizo zinataka daktari siku hiyo hiyo.

Tukapelekwa Bujumbura. Njia nzima ziwa lilikuwa upande wangu, linang'aa, na mume wangu alikaa kati yangu na dirisha.

Nililazwa. Dawa zilifanya ulimi wangu mzito na kinywa kikavu, nikalala usingizi usio na kitu ndani yake. Wale wawili waliondoka kidogo kidogo, kama redio ya mpita njia inayozidi kwenda mbali. Asubuhi moja palikuwa kimya, na katika kimya hicho nikagundua kwamba mama naye hayupo.

Nilimwambia daktari kwa hasira kwamba wamemfukuza mama yangu. Hakubishana nami. Alivuta kiti, akakaa.

"Mama yako alikufa," akasema. "Pole sana."

Watu walikuwa wamenipa pole tangu msibani, lakini hakuna aliyekuwa amenitamkia lile neno, alikufa, hivyo, uso kwa uso.

Dawa naendelea nazo, sasa kidogo kuliko mwanzo, na daktari ndiye anayepunguza. Nilipopata nguvu, mama mdogo alinipeleka Kizuka. Mvua ilikuwa imepita na nyasi zilikuwa zimefunika kaburi hata halionekani. Tulianza kung'oa, yeye upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Nilipoishika ile ardhi, baridi na laini, kilio kikanitoka, kikubwa, cha mtu aliyefiwa leo. Mama mdogo hakuninyamazisha. Aliendelea kung'oa nyasi polepole mpaka tukakutana katikati.