Mgeni aliandika karanga zinamdhuru, mfumo wetu ukaandika ????????

Wakuu, habari za kwenu. Naandika nikiwa na hasira, ila sitaongeza chumvi. Karatasi ninazozitaja hapa ninazo mezani.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Themi, Arusha. Napanga magari. Mgeni anajaza fomu kwenye website, Happy wa mapokezi anamjibu, jikoni wanachapishiwa karatasi kutoka mfumo huohuo.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Kichina na mumewe. Ziara ya siku moja, shamba la kahawa chini ya Mlima Meru, chakula cha mchana hukohuko.

Mpishi wetu, Mama Eli, akapakua wali, kuku na mchicha wa karanga.

Mgeni alikula vijiko vitatu. Midomo ikavimba, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Mumewe akamwaga mkoba wote chini, akapata sindano yake ya aleji, akamchoma pajani. Dereva akawakimbiza hospitali.

Alipona. Mungu tu.

Kesho yake bosi akamsimamisha Mama Eli mbele ya wafanyakazi wote.

"Ulitaka kuniulia mgeni? Mume wake anasema waliandika!"

"Bosi, karatasi niliyopewa hii hapa. Kwenye maombi ya mgeni kuna alama za kuuliza tu. Nikajua ofisi bado mnamuuliza."

"Vua aproni, nenda nyumbani."

Miaka kumi na moja ya kupika, ikaisha hivyo. Alivua aproni akaikunja vizuri, akaiweka mezani.

Nikaenda hospitali na ile karatasi. Yule mume akanionyesha picha ya fomu kwenye simu yake. Waliandika hivi:

我对花生严重过敏

Yaani "nina aleji kali ya karanga". Hesabuni. Herufi nane kwenye simu yake, alama nane kwenye karatasi yetu.

Na oneni, hata jukwaa hili la bure linazionyesha bila shida!

Nikarudi kwa Happy. Akaanza kulia kabla sijamaliza.

"Kaka, niliona alama za kuuliza zimefuatana, nikasema huyu ana wasiwasi. Nikamjibu Yes, no problem."

Wakuu, hebu fikirini. Mgeni alisoma jibu hilo, akala kwa amani.

Fundi wa website nilimbana mpaka akaeleza. Fomu ilipokea Kichina vizuri. Database ndiyo iliwekwa encoding ya zamani inayojua herufi za Kizungu tu, na herufi isiyoijua inaitupa na kuweka alama ya kuuliza. Ikishatupwa hairudi. Nikamuuliza alijaribu fomu kwa maneno gani. Eti "Test Test".

Na mimi sijitoi. Majina ya Wachina yalikuwa yanaingia hivyohivyo miezi mingi. Nilimwambia bosi mara moja, akasema si passport ina Kiingereza? Nikanyamaza, nikawa naomba passport.

Basi nikamwita bosi kwenye kompyuta. Nikabandika zile herufi nane, nikatuma. Printa ya jikoni ikalia. Akaishika karatasi, akazihesabu zile alama nane kwa kidole.

"Mwambieni arudi."

Mama Eli alinijibu kwa simu: "Nitarudi, mwanangu. Ila aliniita muuaji mbele za watu. Aje anitoe hapo mbele za watu walewale."

Fundi alirekebisha kila kitu kwa mchana mmoja, akaweka UTF-8, encoding inayojua herufi za lugha zote, kuanzia kwenye fomu hadi kwenye database. Bosi hajapata nafasi ya kusema samahani, wiki ya tatu hii. Aproni bado iko pale mezani, imekunjwa.

Nilichojifunza: mkiona ???? kwenye mfumo wenu, jueni kuna mtu amesema jambo na mmelifuta. Mpigieni.

Mwenye website humu, nakili zile herufi nane, zitume kwenye fomu yako sasa hivi. Kisha rudi hapa useme ukweli umeona nini.