Adui wa Mama Kule Bwaise

Tangu tumzike mama, simu yangu haitulii. Kila asubuhi linaingia waridi. Waridi jekundu, waridi lenye umande, waridi lenye njiwa juu yake, na chini maneno yale yale: Mungu akutie nguvu, dada. Wanaotuma ni waumini wenzangu, watu wazuri kabisa, na kwangu hajafika hata mmoja. Mimi nimelala nimegeukia ukuta, na kila waridi likiingia hasira inanipanda. Wewe ni rafiki yangu wa siku nyingi, sikufichi. Sihitaji waridi. Nahitaji mtu wa kuja kunitukana.

Usicheke. Kaa nikueleze.

Tulikaa Bwaise, mtaa wa bondeni katika mji mkuu wa Waganda, miaka ile wanajeshi walipotawala. Wazazi wangu walitoka Kenya, na baba alikuwa fundi wa magari katika gereji moja mjini. Kati ya nyumba yetu na ya jirani ulipita mtaro, na mvua ikinyesha Bwaise maji hayabishi hodi. Yaliingia na maganda ya matoke, kandambili za watu na panya wafu, yakapanda hadi miguu ya kitanda. Harufu ile ninayo puani mpaka leo: tope, moshi wa mkaa, na mchuzi wa karanga ukichemka juu ya meza kwa sababu sakafuni hapakuwa na pa kuweka sigiri.

Ng'ambo ya mtaro alikaa Mama Mkongo. Alikuwa mnene, ana sauti, na mchana wala usiku hakujua kunong'ona. Asubuhi aliuza mitumba katika soko la Owino, na jioni alitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa kinu ambacho kishindo chake kilitikisa vikombe vyetu. Yeye na mama walichukiana kwa moyo mmoja. Kwanza kwa ajili ya mtaro, kwa maana kila mmoja alisema uchafu ni wa mwenzake. Pili kwa ajili ya dini. Sisi tulikuwa walokole, watu waliookoka, tena wa kikundi kidogo ambacho serikali ilikuwa imekipiga marufuku, tukisali kwa siri majumbani. Yeye alikuwa Mkatoliki, kila Jumapili akipanda kilima cha Lubaga kwenda misa na rozari shingoni. Mama alituambia waziwazi kwamba yule mwanamke anakwenda motoni, na kwamba afadhali, huko hakuna mtaro.

Waligombana kwa Kiswahili, ndiyo lugha waliyoelewana, na majirani wetu Waganda wakifunga madirisha. Katika mji ule Kiswahili kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Mtu akisikia "Wewe!" nje ya mlango wake, roho ilimruka.

Basi siku moja, mchana kweupe, watu wenye miwani myeusi walimchukua baba gerejini, wakamtia kwenye buti la gari mbele ya wenzake. Hakurudi. Sikuambii zaidi kwa sababu zaidi ya hapo hatukuambiwa kitu.

Mama akalala akageukia ukuta. Hakula. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, na maziwa yakamkauka mama kifuani. Madukani hakukuwa na maziwa, sukari wala sabuni. Nilimpikia mtoto uji mkavu mkavu usio na kitu, akautema. Alilia mpaka kilio kikawa kama cha paka, na mimi, msichana ambaye hata sufuria kubwa ilinishinda kuinua, nilielewa kwamba anakufa.

Niliwangoja waumini. Nilifagia, nikapanga viti, nikachemsha maji ya chai isiyokuwapo. Hakuja mtu. Mwanzoni mwa njia yetu alikaa fundi cherehani ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimaliza nguo. Kila mtu alijua kazi yake: kuangalia nani anaingia kwa nani. Kwenda kumfariji mke wa mtu aliyechukuliwa ilikuwa ni kujipeleka mwenyewe kwenye buti. Najua. Hata wakati ule nilijua. Lakini kiongozi wetu wa maombi nilikutana naye barabarani nikiwa na chombo kitupu mkononi, akaninong'oneza bila kunitazama, "Mwambie mama tunamwombea," halafu akavuka upande wa pili. Sijamsamehe. Bwana anisamehe mimi, lakini yule sijamsamehe.

Kesho yake nikasikia jembe likikwaruza mawe. Mama Mkongo alikuwa anakuja, mwanawe anayenyonya mgongoni, akiliburuta jembe kusudi lipige kelele.

"Weye mama ya Kenya! Toka inje! Mutaro yako inanuka mupaka kwa kitanda yangu!"

Aliusukuma mlango kwa mguu. Nilisimama mbele yake na ufagio, akaniweka kando.

"Unalala? Walichukua bwana, na jembe walichukua? Lamuka! Amuka nasema!"

Mama hakugeuka. Mama Mkongo akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamwinua mdogo wangu, akafungua blauzi, akampa ziwa. Na kutukana hakuacha. Mdomo ulikuwa unatema moto kuelekea mlangoni ili njia nzima isikie, na mkono unampapasa mtoto kisogoni taratibu. Mimi nilibaki na ufagio wangu, sijui nimpige au nimpigie magoti.

Alirudi kila siku, jua likiwa kali na njia imejaa watu, na kila siku na matusi mapya. Fundi cherehani alishika mbavu kwa kicheko. Ugomvi wa mtaro alikuwa anaujua tangu zamani, hakuona la kuripoti.

Siku moja Mama Mkongo akasema, "Mulokole gani weye? Yesu yako alitoka kwa kaburi, weye kutoka kwa kitanda inakushinda?"

Mama akageuka. "Usimtaje Yesu kwa mdomo huo!" Sauti ilikuwa imekauka, haikufika mbali. Akaniambia nimletee ugali, apate nguvu za kumjibu mwanamke huyu. Alikula wote akimkazia macho.

Kelele zikazidi kunoga, na kunoga kwake kukatuletea askari. Aliingia na bunduki begani, mdogo wangu akiwa kifuani kwa Mama Mkongo.

"Nini kelele hii? Mimi iko nakunywa chai, nasikia matusi tu!" Akatazama mtoto wa mgongoni, akatazama wa kifuani. "Hii ya nani?"

Askari angejua kwamba huyu ananyonyesha mtoto wa aliyechukuliwa, ugomvi wetu ungekuwa uongo, na waongo tulijua wanapelekwa wapi.

"Yangu," akasema Mama Mkongo.

"Yote mbili?"

"Mapacha, afande."

Wa mgongoni alikuwa na mashavu na meno manne. Wetu alikuwa mifupa na macho. Mama akapaza sauti: "Mapacha! Hata kuzaa anazaa kwa fujo!"

Askari akacheka. Halafu akatoa hukumu, kwa sababu siku zile mwenye bunduki alikuwa pia hakimu. "Sikia. Mutaro nachimba nyinyi wawili, pamoja. Mimi napita hapa kila siku. Nakuta chafu, nyinyi nakunywa hii maji."

Basi kwa amri ya jeshi wakachimba pamoja. Fundi cherehani angesema nini? Waliinama topeni vichwa vikikaribiana, nami nikiwapelekea maji nilisikia mama akiomba kwa sauti ya chini, na mwenzake akimalizia kwa ishara ya msalaba, tope likibaki kwenye paji la uso. Habari za moto mama hakuzitaja tena. Mtoto akanenepa. Mtaro wetu ukawa msafi kuliko yote Bwaise.

Vita vilipokuja, Mama Mkongo alikimbilia kwao na sisi kwetu. Hawakuagana. Lakini mpaka uzeeni mama aliomba kila jioni, "Bwana, mkumbuke adui yangu," na wageni walidhani ni moyo wa kusamehe.

Katika ugonjwa wake wa mwisho akina mama wa kanisa walimzunguka kwa sauti laini, naye akageukia ukuta. Niliwangoja wamalize chai waondoke. Nikasimama mlangoni nikapiga kelele, "Weye mama ya Kenya! Lamuka! Mutaro yako inanuka!" Mabega yakatikisika. Alikuwa anacheka. Akaomba uji, akaumaliza, na huo ndio uji wa mwisho nilioona akiumaliza.

Mwaka jana nilipita Bwaise. Wamejenga mtaro wa zege, mpana na mrefu, hakuna wa kugombana juu yake. Watu wanaweza kukaa pale miaka wasitukanane hata mara moja.

Simu imelia tena. Ni mdogo wangu, yule yule aliyelelewa kwa maziwa ya matusi. Amenitumia waridi, lenye njiwa.

Nimeiweka simu chini ya mto. Nimegeukia ukuta, nasikiliza kama kuna jembe linakwaruza mawe.